Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Katika Kanisa la Uganda na la Kongo ni wachache wasiolijua jina la Kanoni Apolo Kivebulaya. Wengi humkumbuka kwa sababu aliwapelekea Injili Wambuti wa msitu wa Ituri. Lakini kazi hiyo aliianza akiwa mtu mzima sana. Sisi tulio shuleni yatufaa tujue kwanza yaliyompata kabla ya hapo, maana hayo ndiyo yaliyomfanya kuwa mtu wa kutegemewa.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka wa 1864, akaitwa Waswa Munubi. Waswa ni jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Katika ujana wake alimsikia mmisionari Alexander Mackay akifundisha, lakini mbegu ile ilikaa muda mrefu bila kuota. Vita vya dini vilipozuka mwaka wa 1888 alishika silaha kama vijana wengi wa siku zile, na mwaka wa 1891 alifuatana na jeshi la Kapteni Lugard hadi nchi za magharibi. Alibatizwa Januari 1895, akachagua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa ajili ya koti jekundu la askari alilokuwa akilivaa; maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya.

Mwaka ule ule alijitoa kuwa mwalimu, akapelekwa Toro. Huko ilikuwapo habari ya Mboga, nchi iliyo ng'ambo ya mto Semliki, kando ya msitu mkubwa. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwisha kutangulia huko. Tabaro, mtawala wa Mboga, alichukizwa na mafundisho yao. Watu wakaacha kuwapa chakula, na njaa ikawarudisha. Apolo aliyajua hayo yote alipokubali kwenda mwishoni mwa mwaka wa 1896. Kwa hiyo alinunua jembe, akaenda nalo, ili chakula kikikosekana alime chake.

Wanafunzi wenzangu, tulifikirini sana jembe hilo. Apolo alimwomba Mungu kila siku, lakini hakudhani kwamba sala inamwondolea mtu kazi ya mikono. Alilima, akafundisha watu kusoma, akawakusanya kwa ibada, na polepole wakapatikana waliotaka kubatizwa.

Ndipo taabu zikaja. Tabaro aliamuru apigwe, naye akapigwa vibaya. Kisha likatokea jambo zito zaidi. Mwanamke mmoja wa jamaa ya Tabaro alianguka juu ya mkuki wa Apolo, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishtakiwa kuwa ameua. Alifungwa minyororo, akavushwa Semliki, akapelekwa Toro kwa wakuu wa serikali ya Waingereza, akatiwa kifungoni. Mwalimu aliyekwenda Mboga kwa hiari yake sasa alirudi kama mhalifu, mbele ya macho ya watu waliomjua.

Katika siku hizo za mateso, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Kristo akiwaka kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yu pamoja naye. Tangu hapo hakuona haja ya kumwogopa mtu.

Mwishowe aliachiliwa. Hapa ndipo twaweza kumpima. Angaliweza kubaki Toro, ambako alikuwa na marafiki na kazi tele, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliomfunga. Hakurudi kulipiza kisasi wala kudai heshima yake, bali kuendelea na somo pale alipoliachia. Tabaro aliyaona hayo. Baadaye yeye mwenyewe aliomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo, akawa rafiki wa Apolo.

Askofu Tucker alimfanya Apolo kuwa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903. Kwa miaka mingi alitumika katika Toro. Mwaka wa 1910 Uingereza na Ubelgiji zilipatana juu ya mipaka, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa huko walihitaji mchungaji, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Apolo alirudi kwao tena, akakaa nao hadi mwisho wa maisha yake.

Alikuwa na umri wa karibu miaka 60 alipoanza kuingia msituni kuwatafuta Wambuti. Watu hawa walikuwa wawindaji, wakihama kufuata nyama, na majirani wengi waliwadharau. Mwalimu hakuweza kujenga shule na kungoja waje, ilimpasa awafuate. Apolo aliwafuata kwa miaka kumi na zaidi, na kabla hajafa aliwaona wa kwanza wao wakibatizwa.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza kwamba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, ili watakaobaki wajue ya kuwa kazi iko mbele. Mwaka wa 1972 Boga, kama jina linavyoandikwa sasa, ikawa makao ya askofu, na kutoka mwanzo huo limekua Kanisa la Anglikana la Kongo.

Apolo hakuacha mali, wala hakuwa mtu wa elimu kubwa. Aliacha sifa moja: akisema atakwenda mahali, alikwenda, na akifukuzwa, alirudi. Imani ya namna hiyo haipatikani kwa siku moja ya shida. Hujengwa katika kazi ndogo ambazo hakuna anayezitazama, kama kulima shamba lako mwenyewe na kumfundisha mtu mmoja kusoma. Kazi za namna hiyo tunazo hapa shuleni kila siku.