Harry Brearley na Chuma Kisichopata Kutu

Katika gazeti letu muhula huu napenda kueleza habari za Harry Brearley, aliyezaliwa mwaka wa 1871 katika Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu. Baba yake alikuwa myeyusha chuma, na nyumbani fedha ilikuwa haba. Alipotimiza miaka 12 aliacha shule akaingia kiwandani, na baadaye akapewa kazi ya kuosha chupa katika maabara ya kemia. Jioni alikuwa akisoma. Mwisho akawa mkuu wa maabara ya utafiti.

Mwaka wa 1912 aliombwa atafute chuma cha pua cha kufanyia mitutu ya bunduki, kisicholika upesi. Akajaribu kutia madini ya kromi, na tarehe 13 Agosti 1913 tanuru la umeme likatoa chuma chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Ili kukichunguza kwa hadubini, ilimpasa kwanza kukipaka asidi kilike kidogo. Hakikulika! Hata siki na maji ya ndimu havikukidhuru. Basi akaziacha bunduki, akawaza visu.

Watu husifu kromi peke yake, lakini mimi naona ile kaboni kidogo ndiyo yenye mambo. Bila kaboni chuma hiki huwa laini, na kisu hakishiki makali. Ikizidi, huiteka kromi na kuifunga ndani ya chembe ngumu. Chuma kilichobaki hukosa kinga, kutu ikaingia. Dawa yake ni kukitia moto mkali mpaka kaboni ienee ndani ya chuma, kisha kukipoza ghafula. Mafundi wa visu walishika desturi yao ya zamani, kikawashinda, wakamcheka Brearley kwamba amezua visu visivyokata. Ni Ernest Stuart, meneja wa kiwanda kimoja cha visu, aliyejaribu tena na tena mpaka akafaulu, mwaka wa 1914.

Brearley na wakuu wake waligombana juu ya haki ya uvumbuzi, akaondoka mwaka wa 1915. Alipata medali ya dhahabu ya Bessemer mwaka wa 1920, akafa mwaka wa 1948, umri wake miaka 77.

Siku hizi wanaosubu vyuma vya pampu na vali zisizopata kutu huweza kuongeza na nitrojeni, ile ile iliyomo hewani. Nayo hutia nguvu, wala haina pupa ya kuteka kromi kama kaboni.