SAYYID HAMUD BIN MUHAMMAD NA HATI YA UHURU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Sayyid Hamud bin Muhammad alikuwa mjukuu wa Sayyid Said bin Sultan. Alitawazwa Unguja tarehe 27 Agosti 1896, siku ile ile manowari za Kiingereza zilipolipiga jumba la kifalme kwa mizinga, hata Sayyid Khalid bin Barghash akakimbia. Ufalme aliupata, lakini hatamu zake nyingi zilikuwa mikononi mwa Waingereza, walioiweka nchi chini ya himaya yao tangu mwaka 1890.

Zama hizo Pemba ndiyo iliyokuwa ghala ya karafuu, kwani tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika kwa wingi. Na wachumaji wake wengi walikuwa watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897, katika mwaka 1314 wa Hijra, Sayyid Hamud, kwa kuhimizwa na Waingereza, alitoa amri kwamba mtumwa atakayekwenda mahakamani kutaka uhuru atapewa, na bwana wake atalipwa fidia. Masuria hawakuingizwa.

Lakini mwenye kuutaka uhuru huo alipasiwa aonyeshe atakapokaa na atakavyopata riziki, la sivyo huhesabiwa mzururaji. Na ardhi ilikuwa ya bwana, na mikarafuu ya bwana. Basi wengi walibaki katika mashamba yale yale, wakapatana kufanya kazi siku kadhaa za juma ili waachiwe pa kujenga kibanda na kupanda muhogo. Wengine hawakwenda mahakamani kabisa.

Hapa pana mazingatio. Sharia ya Kiislamu haikuridhia aachwaye huru atoke mikono mitupu. Katika Sura ya An-Nur imeelekezwa kuandikiana na mtumwa mwenye kheri atakaye kujikomboa, na imeamrishwa apewe mali. Na Imamu Shafii ameihesabu atiya hiyo kuwa ni wajibu juu ya bwana. Tena katika mafungu manane ya zaka, moja ni la kukomboa shingo. Amri ya mwaka 1897 ilimfidia bwana. Aliyeachwa huru hakupata ila hati.

Sayyid Hamud alifariki tarehe 18 Julai 1902. Mwaka 1909, katika enzi ya mwanawe Sayyid Ali, masuria nao waliingizwa katika uhuru. Yaliyosalia hayakuwa ya mfalme wala ya mahakama, bali ya majirani: kumlipa mtu ujira wake kamili, kumwachia ardhi ya kulima, na kutomtukana mwanawe kwa asili yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu waliotumikishwa. Amin.