Seyyid Said na mti wa karafuu

Mzambarau na mkarafuu ni ndugu. Wataalamu wa mimea huiweka miti hiyo miwili katika jenasi moja, Syzygium. Lakini ni mkarafuu uliogeuza historia ya Unguja na Pemba, na habari zake haziwezi kutenganishwa na maisha ya Seyyid Said bin Sultan.

Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Alitwaa madaraka mwaka 1806, akiwa bado kijana, baada ya kumwua binamu yake Badr. Kwa miaka mingi alipigania kiti chake huko Maskati, kisha akaelekeza macho pwani ya Afrika. Alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na mwaka 1837 akaukomesha utawala wa Mazrui mjini Mombasa.

Mkarafuu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku nchini Indonesia, ulikuwa umekwisha kufika Unguja kabla yake. Said ndiye aliyeufanya kuwa uti wa mgongo wa dola. Aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na aliyekaidi alihatarisha kunyang'anywa ardhi.

Mti huo hutaka subira ya miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Hutaka pia mikono mingi, kwani karafuu ni tumba linalochumwa kabla ua halijachanua, kisha likaanikwa juani. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa waliotekwa bara. Mkataba ambao Said alitiliana saini na Uingereza mwaka 1845 ulikataza kuwasafirisha watumwa kutoka Afrika kwenda Arabuni, lakini haukuzuia kuwavusha kutoka Kilwa hadi Unguja. Mashamba yakaendelea kujazwa watu.

Said alifariki baharini Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati. Dola yake iligawanyika: Majid alibaki na Zanzibar, Thuwaini na Oman. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikachukua nafasi ya kwanza.

Utumwa haukufutwa kisheria visiwani hadi mwaka 1897. Jina la aliyeamuru mikarafuu ipandwe limehifadhiwa vitabuni. Wengi wa walioipanda na kuichuma hawakuandikwa popote.