Burt Munro: Fundi wa kibandani aliyeweka rekodi ya kasi

PIKIPIKI aina ya Indian Scout ambayo Burt Munro alinunua mwaka wa 1920 ilikuwa na uwezo wa kwenda takriban kilomita 90 kwa saa. Miaka 47 baadaye, pikipiki iyo hiyo, ikiendeshwa na mwenyewe, ilizidi kilomita 295 kwa saa. Katika kipindi hicho chote, mageuzi mengi ya injini yake yalifanyiwa kibandani.

Munro alizaliwa Machi 25, 1899, kusini mwa New Zealand, akalelewa katika shamba la wazazi wake huko Edendale. Alianza kuifanyia pikipiki yake marekebisho mwaka wa 1926. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua vipuri, aliamua kuviunda mwenyewe, kama wafanyavyo mafundi wa jua kali.

Pistoni hustahimili joto kali na mshindo wa moto ndani ya injini, hivyo kuisubu ni kazi ya kiwanda. Munro hakuwa na kiwanda. Aliyeyusha madini, akayamimina katika mikebe mikuukuu, kisha akayachonga hadi yakaingia barabara. Konrodi, yaani vyuma vinavyoshika pistoni, alizichonga kutokana na ekseli ya trekta. Hata kipimo cha unene wa vyuma alikiunda kwa spoki kuukuu ya gurudumu.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Mchana aliuza pikipiki, na usiku akakesha karakanani. Mara nyingi kipuri alichokitolea jasho kwa wiki nyingi kilivunjika kwa dakika chache tu za majaribio. Hakuvitupa vilivyoharibika, bali alivipanga rafuni, akivihesabu kuwa sadaka kwa mungu wa kasi. Ndoa yake nayo ilivunjika mwaka wa 1947. Hatimaye akawa analala papo hapo karakanani, kando ya pikipiki yake.

Wahenga walinena kuwa papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mnamo 1962, akiwa na umri wa miaka 63, Munro aliweka rekodi ya kilomita 288 kwa saa katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani. Agosti 1967, akiwa na miaka 68, alirejea huko na injini aliyoipanua kutoka ujazo wa 600cc hadi 950cc. Safari hii aliweka rekodi ya pikipiki zisizozidi 1000cc.

Munro alifariki Januari 6, 1978. Mnamo 2005, maisha yake yalisimuliwa katika filamu ya The World's Fastest Indian, ambapo Anthony Hopkins aliigiza nafasi yake.

Hata hivyo, hesabu yake haikuwa imefungwa. Mwaka wa 2014, mwanawe, John, aligundua kuwa wastani wa kasi ya mwaka 1967 ulikuwa umekokotolewa vibaya. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kilikubali kosa hilo na kuisahihisha rekodi, kutoka kilomita 295.4 hadi 296.2 kwa saa. Ilikuwa miaka 36 tangu kufariki kwa fundi aliyezoea kupima vyuma vyake kwa spoki.