Xu Xiake na Mifupa ya Rafiki

Xu Xiake alizaliwa mwaka 1587 huko Jiangyin, mashariki mwa China. Hakutafuta cheo serikalini. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemhimiza asafiri. Kwa miaka zaidi ya 30 alipanda milima mitakatifu, akalala katika mahekalu na kuandika kila alichokiona.

Safari inayonigusa zaidi ni ile ya mwisho, iliyoanza 1636. Alifuatana na mtawa Jingwen, ambaye alikuwa amenakili kitabu kitakatifu kwa damu yake na kutaka kukifikisha mlimani Jizu, karibu na mji wa Dali. Jina hilo maana yake ni mguu wa kuku, kwa umbo la mlima wenyewe. Njiani wanyang'anyi waliwavamia mtoni, Jingwen akajeruhiwa. Alifariki Nanning mwaka 1637. Xu aliibeba mifupa yake pamoja na kile kitabu, na baada ya zaidi ya mwaka mmoja akamzika Jizu.

Huko mtumishi wake alimtoroka na fedha, naye mwenyewe akaugua miguu. Alirudishwa nyumbani amebebwa, akafa 1641.

Wanajiografia humheshimu kwa kuonyesha kwamba Jinsha ndio mkono mkuu wa mto Yangzi. Mimi namheshimu kwa ahadi aliyompa mtu ambaye asingeweza kumdai tena. Hapa kitivoni tunafundishwa kwamba kuahidi ni tendo linalofanywa kwa maneno. Kwa Xu nimejifunza kwamba tendo hilo humalizwa kwa miguu.