Gregory, barafu ya Mlima Kenya na kamba wa Ungwana



Jina la Gregory wengi wetu tulilikariri shuleni kwa ajili ya Bonde la Ufa, tukafanya mtihani, tukalisahau. Mimi lilinirudia nilipokwenda harusini Naro Moru, kaunti ya Nyeri. Asubuhi mlima ulifunguka, na mwenyeji wangu akaninyooshea kidole palipokuwa na barafu wakati wa utoto wake. Sasa ni jabali tupu.

John Walter Gregory alizaliwa London mwaka 1864. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara ya sufi, na usiku akisoma. Mwaka 1887 akaajiriwa na jumba la makumbusho, kazi yake ikiwa kuchunguza viumbe wa kale waliogeuka mawe, hasa matumbawe. Kwa hiyo alianza na bahari kabla ya milima, na hilo ndilo lililonivuta kwake.

Alifika kwetu mwishoni mwa 1892 pamoja na msafara wa Waingereza ulioanzia Lamu. Msafara ule ulivunjikia Ngatana, kwenye Mto Tana, kwa maradhi na mipango mibovu. Yeye hakukubali kurudi kwao mikono mitupu. Akaenda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40, na Machi 1893 wakashika njia ya bara. Mkuu wa wapagazi alikuwa Omari bin Hamadi. Ramani zimejaa jina la Gregory, la Omari sijaliona hata kwenye kijito.

Wapagazi wale walikuwa watu wa joto kama sisi. Kule juu waliamka wakakuta maji ya sufuria yameganda, wakasema yamerogwa. Gregory aliendelea mpaka kwenye barafu yenyewe, akaipa sehemu yake moja jina la Lewis, ambayo leo imebaki kidogo sana. Lakini kubwa aliloliona lilikuwa chini zaidi: malundo ya mawe yaliyoachwa na barafu ya zamani, mbali na barafu ya siku zake. Akajua kwamba mpaka wa baridi husogea.

Na baharini mipaka husogea vilevile. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hutaga mayai baharini, watoto wao wakasukumwa na maji hadi kwenye mikoko, wakakulia mahali ambapo maji ya chumvi yanachanganyika na ya mto, kisha wakarudi ghubani. Mto ukipungua, chumvi hupanda juu kuelekea mashambani, na malezi ya kamba yanabanwa. Bahari nayo inazidi kupata joto. Mwaka 1998 tuliona matumbawe yakigeuka meupe, na kamba koche hujificha humo humo kwenye miamba.

Maji ya Tana hutoka Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu. Nisiwadanganye: maji ya Naro Moru yenyewe huenda Ewaso Nyiro, na barafu huchangia kidogo tu. Kinachoulisha Tana ni mvua na misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Halafu kuna mabwawa, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere baadaye, ambayo huzuia tope na kupunguza mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha delta.

Gregory akawa profesa Melbourne mwaka 1900, kisha Glasgow kuanzia 1904. Alirudi Kenya mwaka 1919, na kitabu chake kikubwa cha jiolojia ya Afrika Mashariki kikatoka 1921. Mwaka 1925 alitoa kingine cha kutetea watu watenganishwe kwa rangi, na hapo simtetei, maana alisahau nani alimbebea mizigo. Alikufa maji mwaka 1932 katika mto Urubamba, Peru, akiwa bado safarini na umri wa miaka 68.

Mvuvi wa Kipini anaambiwa afunge nyavu msimu wa kufungwa, na anafunga. Meli za kukokota nyavu zilisimamishwa mwaka 2006, zikaruhusiwa tena kwa masharti. Hayo yote yanajadiliwa ghubani. Maji ya Tana yanapogawanywa huko juu, kati ya umeme, mpunga wa Mwea na mabomba ya Nairobi, kamba hana wakili. Vikundi vya wavuvi wa Kipini na Ngomeni vidai kiti katika vikao hivyo, na wawakilishi wetu wa kaunti waulizwe mwaka huu wamekaa vingapi.