Paul Morphy na kipaji kilicholala



Leo tunawaletea maisha ya Paul Morphy, Mkatoliki wa Marekani aliyefariki mwaka 1884, ambaye mafumbo yaliyotokana na michezo yake ya sataranji yanafumbuliwa duniani kote hadi leo. Huku Bagamoyo wengi wetu tumekulia kwenye bao na drafti, hivyo tuanze na maelezo machache.

Sataranji, ambayo vijana huiita chesi, huchezwa juu ya ubao wa miraba 64. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili (wa ubaoni, si wa jimbo), farasi wawili na askari wanane. Mfalme haliwi. Mchezo huisha mfalme anaposhambuliwa akakosa pa kukimbilia na wa kumkinga, na kete inayomshambulia ikawa haiwezi kuliwa. Hali hiyo huitwa mati, au chekimeti, neno lenye asili ya Kiajemi. Anayejifunza huwekewa kete kama zilivyokaa katika mchezo uliochezwa kweli zamani, kisha huambiwa atafute mati kwa hatua mbili au tatu.

Mtoto wa jaji

Morphy alizaliwa New Orleans, jimbo la Louisiana, tarehe 22 Juni 1837. Baba yake, Alonzo, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo, na mama yake alitoka katika ukoo wa Kifaransa. Tusisahau mji huo ulikuwa wa namna gani. New Orleans ilikuwa soko kubwa la watumwa, kama vile Bagamoyo ilivyokuwa mwisho wa safari ya misafara iliyowaleta watumwa kutoka bara. Utulivu wa nyumba za matajiri wa mji ule ulisimama juu ya jasho la watu waliouzwa.

Mtoto Paul alijifunza sataranji kwa kuwatazama baba yake na ami yake wakicheza. Mwaka 1850, akiwa na miaka 12, alimshinda Johann Löwenthal, bingwa kutoka Hungaria aliyepita mjini. Mwaka huohuo alipelekwa Spring Hill, chuo cha Mababa Wayesuiti huko Alabama. Alihitimu mwaka 1854, akabaki mwaka mmoja zaidi kusoma hisabati na falsafa. Sisi tulio katika falsafa sasa tunaweza kumwita mwenzetu. Baada ya hapo alisoma sheria, akapata shahada mwaka 1857 kabla hajatimiza umri wa kuruhusiwa kufanya kazi ya uwakili.

Akiwa anasubiri umri huo, alikwenda New York kwenye mashindano makubwa ya kwanza ya Marekani, akawa bingwa. Mwaka 1858 alivuka bahari kwenda Ulaya. Jijini Paris alicheza na watu wanane kwa wakati mmoja bila kuona ubao, akashinda sita na kutoka sare na wawili. Mwezi Desemba alimshinda Adolf Anderssen wa Ujerumani: michezo saba kwa miwili, na sare mbili. Alikuwa na miaka 21, na hapakuwa na aliyemzidi.

Fumbo la Paris

Mchezo wake unaojulikana kuliko yote aliucheza mwaka huohuo ndani ya jumba la opera jijini Paris. Kwa upande mmoja walikaa Mtawala wa Brunswick na Kabaila Isouard wakishauriana, na kwa upande wa pili alikaa Morphy peke yake. Mwenye ubao aupange hivi. Safu za kusimama zina herufi a hadi h, na za kulala zina namba 1 hadi 8.

Nyeupe: mfalme c1, malkia b3, ngome d1, askofu g5, askari a2, b2, c2, e4, f2, g2, h2.

Nyeusi: mfalme e8, malkia e6, ngome h8, askofu f8, farasi d7, askari a7, e5, f7, g7, h7.

Nyeupe inacheza. Mati kwa hatua mbili. Anayependa kutafuta mwenyewe asimame hapa kwanza.

Jibu ni kumtoa malkia. Malkia anakwenda b8 na kumshambulia mfalme. Mfalme hana pa kukimbilia, na njia pekee iliyobaki kwa nyeusi ni farasi kumla malkia. Lakini farasi huyo ndiye aliyekuwa ameziba njia ya d. Akiondoka, ngome inapanda hadi d8, na hiyo ni mati. Askofu wa g5 anailinda ngome na papo hapo anauziba mraba wa e7.

Sasa hesabuni kilichobaki. Nyeusi ina malkia, ngome, askofu na farasi. Nyeupe ina ngome moja na askofu mmoja, na imeshinda. Tukirudi nyuma na kuutazama mchezo mzima, ambao ulikuwa wa hatua 17 tu, tunaiona sababu. Ngome ya h8 na askofu wa f8 hawakusogea hata mara moja. Walikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, wakiwa wazima, bila kufanya kazi yoyote. Kwa upande wa Morphy, ngome zote, farasi wote na maaskofu wote walitumika, na baadhi walitolewa sadaka. Katika mikono yake hakuna kete iliyolala.

Baada ya ushindi

Alirudi Marekani mwaka 1859 na kupokewa kwa shangwe. Hata hivyo aliona kwamba sataranji ni burudani, isiyofaa kuwa kazi ya mtu mzima mwenye heshima. Alitaka kuwa wakili. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na ofisi yake haikusimama. Inasimuliwa kwamba watu waliofika kwake walitaka kuzungumza habari za sataranji, si kesi. Taratibu aliacha kucheza hadharani, na sheria nayo haikumpokea.

Miaka ya mwisho aliugua akilini, akiamini kuna watu wanaomfuatilia ili wamdhuru. Alifariki nyumbani tarehe 10 Julai 1884, akiwa na miaka 47, akazikwa New Orleans katika makaburi ya Mtakatifu Louis.

Tunachobaki nacho

Wako wanaosema kwamba sataranji ndiyo iliyomharibu akili. Hatuoni ushahidi wa hilo, kwa kuwa alipougua alikuwa ameshaiacha kwa miaka mingi. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Hauletwi na mchezo wala si adhabu, na katika parokia zetu wagonjwa wa namna hii wanahitaji hospitali na ndugu wa kukaa nao zaidi ya minong'ono.

Jambo linalotugusa zaidi ni kile kipaji. Morphy hakuacha kete yoyote ilale ubaoni, lakini zawadi kubwa aliyopewa ililala kwa zaidi ya miaka 20. Hatumhukumu. Pengine hakupata mtu wa kumwambia kwamba kipaji si lazima kiwe ajira ndipo kiwe na thamani, na kwamba mtu anaweza kuwa wakili wa kawaida na bado akafundisha watoto wa mtaa wake sataranji. Tunaujua mfano wa talanta iliyofukiwa ardhini. Mara nyingi tunamlaumu yule mtumishi na kusahau kuuliza ni nani aliyemtia hofu.

Tuwatazame basi vijana wetu wanaochora, wanaoimba, wanaofumbua mafumbo. Kabla ya kuwaambia waache mchezo, tuwaulize wanaweza kumsaidia nani kwa mchezo huo. Na tumwombee Paul Morphy pumziko la milele.